Sifuri ya Profesa

Siku ya uzinduzi wa kipimo, watu wa maabara walikaa kwenye hema, sisi wananchi tukakaa juani. Tulipewa fulana na maji ya chupa, na mpaka leo wako wanaozivaa fulana zile shambani. Profesa alisimama akiwa ameshika kipande cha karatasi chembamba kama kijiti cha kiberiti, akatuambia ndani yake mna chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba jicho la mtu haliwezi kuziona hata likodolewe vipi. Chembe hizo zikikutana na protini inayovuja kwenye mkojo kutoka figo mbovu, wekundu wake hugeuka zambarau. Kisha kijisanduku chenye taa kinaisoma rangi na kutoa namba. Ukipata sifuri, figo zako nzima. Hakuna sindano, hakuna kulala kwenye korido za hospitali kuu. Mwashi mmoja, mtu wa maneno, akasema basi tusimwachie muuguzi mikojo yetu, twende nayo kwa sonara. Tulicheka, tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Kile kijisanduku kilitengenezwa na mwanamke, mtaalamu wa mwanga, ambaye maabara nzima ilimwita Bi Taa. Siku ile alikaa kiti cha pili kutoka kwa Profesa. Mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu, alikuwa juani pamoja nasi, akitutambia kwa kidole kwamba yule pale ni wake.

Fundi alikuwa na kisukari cha miaka, na zahanati ilimsumbua kila mara aende hospitali kuu akapimwe figo. Kwa hiyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Taa ikawaka, namba ikatoka: sifuri. Bi Taa akamwambia mbele ya watu wote, "Mama mdogo, hizi figo ni za msichana." Fundi akatutazama kama aliyeposwa upya. Hospitali kuu hakwenda tena, na sisi wengine wenye sifuri zetu hatukwenda.

Muda ukapita. Siku moja Bi Taa alipita dukani kwa mama yake mdogo kumsalimia, akamkuta anakanyaga cherehani kwa makubadhi ya mumewe. Yake yalikuwa hayamwingii. Miguu ilikuwa imevimba, na Bi Taa alipoibonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki palepale, hakikutaka kuondoka. Akamuuliza kwa nini hajaenda hospitali.

"Niende kufanya nini, mwanangu? Si ulinipima mwenyewe?"

Hakusema kwa lawama. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa, huku uzi bado uko mdomoni. Laiti angelaumu.

Bi Taa akachukua mkojo wake kwenye chupa ya jamu, akaupeleka hospitali kuu kwenye mashine yao ya zamani inayonguruma kama jokofu bovu. Protini ilikuwa juu sana. Akarudi maabara, akachovya karatasi yao ya dhahabu kwenye mkojo uleule. Sifuri. Akachovya nyingine. Sifuri.

Hapo ndipo alipofungua programu ya kijisanduku, akaukuta mstari alioandika kwa mkono wake mwenyewe: namba yoyote iliyo chini ya sifuri isomeke sifuri. Aliuweka wakati wa majaribio ya kwanza, kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wanatoka hasi. Walidhani ni mtetemo wa taa. Profesa alisema mgonjwa hawezi kuonyeshwa namba hasi, atadhani figo yake ina deni. Wakacheka, wakaufunika mtetemo, wakaendelea.

Sasa akaufuta mstari ule na kuzipitisha upya namba zote zilizohifadhiwa. Watu wengi walikuwa chini ya sifuri, mbali kabisa. Wachache ndio waliokaa kwenye sifuri hasa, na mama yake mdogo mgonjwa katikati yao. Sasa, mkojo hauwezi kuwa na protini pungufu ya kutokuwa nayo kabisa. Mambo yakijipanga hivyo, maana yake ni moja: sifuri yenyewe inaumwa.

Na sifuri alikuwa Profesa.

Ilikuwa hivi, kama tulivyokuja kujua baadaye. Ili kijisanduku kijue sifuri ni ipi, lazima kwanza kionyeshwe mkojo wa watu wazima. Maji ya chumvi hayakufaa. Dhahabu ile ilibadilika rangi ovyo. Utaratibu unataka mkojo wa watu wengi uliochanganywa, tena waliopimwa kwanza. Chupa ziligawiwa pale maabara, na wasomi wakaona haya. Wanaume wakataniana nani atajaza na nani atadondosha matone. Wanawake wakaziweka chupa kwenye mikoba na kuzisahau. Bi Taa aliirudisha yake ikiwa kavu, akasema amebanwa na kazi. Basi Profesa, ambaye hukimbia kila asubuhi na kuja ofisini na raba zikining'inia begani ili zionekane, akachukua chupa moja akasema atawatolea wote. "Sifuri ni mimi," akasema. Walishukuru. Hakuna aliyempima, maana nani angempima Profesa? Tangu hapo kila toleo la karatasi zile liliwekewa sifuri kwa mkojo wake.

Bi Taa aliingia ofisini kwa Profesa akiwa na grafu, akaifungua mezani. Profesa aliisoma. Hakuhitaji kuelezwa, ndiye aliyemfundisha kuzisoma. Akaisukuma kando. Akauliza kama mkojo wake yeye pia umeshapelekwa hospitali kuu. Bi Taa akasema hapana, hilo ni la Profesa mwenyewe kuamua.

Kisha Profesa akazungumza kama ofisi. Karatasi zitaondolewa polepole, bila kelele. Zahanati itaandikiwa barua kwamba hitilafu ya kiufundi imejitokeza. Atakayetaka kupimwa tena, atapimwa. Hii lugha tunaijua. Makosa yao hujitokeza yenyewe kama uyoga, ila ushindi wao huwa na mwenyewe, na picha ya mwenyewe.

Bi Taa akamwambia hakuna atakayekuja. Wameambiwa ni wazima; nani anarudi kupanga foleni ya uzima?

"Kwa hiyo unataka nisimame mbele ya umati niseme mkojo wangu ndio ulioharibu?"

"Nataka waambiwe figo zao zinaweza kuwa mbovu."

"Ni kitu kilekile. Watauliza imekuwaje." Kisha akashusha sauti. "Binti yangu, mke wangu atayasikia sokoni."

Bi Taa alitamani kumkasirikia, akashindwa. Kila alipofungua mdomo, aliiona chupa yake kavu, na ule mstari wake mmoja kwenye programu. Akakusanya grafu yake, akamwambia atakwenda mwenyewe, na kwamba jina la mtu hatalitaja.

Muuguzi wa zahanati alitupigia simu mmoja mmoja. Tulikwenda tukidhani kuna fulana nyingine. Safari hii hapakuwa na hema. Bi Taa alisimama kwenye kibaraza, mikono haijui ikae wapi. Gari la Profesa lilikuwa limeegeshwa kwenye uzio, vioo juu, injini inaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Tuliliona wote.

Bi Taa akaanza kwa kusema kumetokea hitilafu. Neno lilimtoka lenyewe kwa mazoea. Akaanza upya.

"Tuliwapima vibaya," akasema. "Tuliwaambia mko wazima, na hatukuwa tunajua."

Akaeleza kuhusu sifuri, bila Kizungu, bila kujificha nyuma ya dhahabu. Alipomaliza, mwashi yule wa sonara akauliza sifuri hiyo ilikuwa ya nani.

Bi Taa alitazama sakafu. Akasema ilikuwa ya mtu mmoja wa kwao, naye ni mgonjwa, wala hakujijua. Ilitakiwa iwe ya wengi. "Na mimi nilipewa chupa," akasema. "Niliona haya, nikairudisha."

"Uliona haya kukojoa kwenye chupa?"

"Ndiyo."

Mmoja alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Mwashi alikuwa hacheki.

"Sisi tulikojoa," akasema. "Wakwe na wakaza wana tulisimama foleni moja, kila mtu na chupa yake mkononi kama kandili. Hamkutuuliza kama tunaona haya."

Bi Taa alilia bila kufuta uso, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwa sababu kilio chake kilitutibu.

Kisha mama yake mdogo akanyanyuka kwenye benchi. Alichukua muda, ile miguu ilikuwa haina haraka. Bi Taa akashuka kumshika mkono. Mama hakuuvuta mkono wake, wala hakumwegemea. Aliuacha ushikwe, akamtazama mtoto aliyemlea.

"Rudia," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Bi Taa akapanda tena kibarazani, akarudia yote kwa sauti. Kule kwenye uzio injini ya gari ikazimwa, kioo kikashuka kiasi cha upana wa sikio. Hatukugeuka kumtazama. Muuguzi alikuwa ameshaanza kuita majina ya wa kupelekwa hospitali kuu, na kila mmoja wetu alikuwa anasikiliza kama lake litaitwa.