Maungamo ya Mazoezi

Kosa lilikuwa la Candida mwenyewe, na hilo alilikubali kabla ya mtu yeyote kumnyooshea kidole. Ilikuwa Jumamosi, siku nane kabla ya Komunyo ya Kwanza, mwaka ule wa themanini na moja ambao nusu ya Dar es Salaam ilikuwa ikifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Watoto kumi na tisa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kigango chao kidogo cha Gerezani, jirani na karakana za reli, wakijifunza kuungama.

Siku za kazi Candida alikuwa karani katika ofisi moja kule Posta, mtu wa kupiga mihuri tu. Jumamosi alikuwa Mwalimu. Miaka kumi na miwili alikuwa amefundisha katekisimu bila kulipwa hata nauli, na alikuwa na mtindo wake ambao hakufundishwa na padri yeyote. Alitundika kanga kwenye kamba, akaketi upande mmoja na kujifanya padri. Mtoto alipiga magoti upande wa pili, na wenzake wakasikiliza ili wajue namna ya kusema. Kila mwaka aliwapa maagizo yaleyale: "Semeni dhambi za kubuni. Umevunja kikombe, umempiga mdogo wako. Za kweli mtampelekea Padri."

Vikombe vilivyovunjika nyuma ya kanga ile kwa miaka kumi na miwili vingetosha kufungua hoteli. Hakuna aliyewahi kushtuka, maana hakuna aliyewahi kusema kitu cha kushtua.

Siku hiyo ikafika zamu ya Severa, binti wa Leodegar, mtoto wa miaka kumi aliyependa kuuliza maswali hadi darasa likachoka. Akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba taratibu.

"Nilisema uongo," akasema.

"Mara ngapi?" Candida aliuliza kwa sauti yake ya kipadri.

"Sijui, Mwalimu. Kila siku nikitoka shule. Kina mama wakija dukani kuulizia sabuni, baba ananisimamisha kaunta niseme hakuna. Na ipo. Maboksi yamefika dirishani, chumba cha nyuma. Gauni langu la Komunyo limewekwa juu yake."

Candida alisogeza kanga pembeni, akamtazama mtoto usoni.

"Severa, nimesema dhambi za kubuni."

"Nilitaka kubuni, Mwalimu. Lakini ulisema mtu akiungama uongo kwa kusema uongo, anaongeza mwingine."

Alikuwa amesema hivyo kweli, wiki moja tu nyuma, tena kwa kujisifu moyoni kwamba ameeleza vizuri. Sasa akaona alichokuwa akifanya miaka yote hiyo: alikuwa akiwafundisha watoto kusema kweli kwa kuwazoeza kubuni. Akawaruhusu mapema.

Watoto kumi na tisa wana mama zao, na mama wa mjini hawahitaji redio. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imevuka mtaa wa Msimbazi na kurudi.

Leodegar huyo hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, mwenye duka la jumla Kariakoo, na mwenyekiti wa halmashauri ya walei pale kigangoni. Kengele alinunua yeye. Misa ya kwanza alikaa benchi la mbele, na wakati wa matangazo alisimama kuwahimiza waamini wasikubali kushirikiana na walanguzi. Duka la Mansukhlal, lililotazamana na lake, lilipekuliwa na polisi mara mbili mwaka ule na halikukutwa na kitu isipokuwa pilipili na betri za tochi. La Leodegar halikupekuliwa. Nani angempekua mzee wa kanisa?

Lakini kilichomkata maini Candida hakikuwa sabuni. Kuficha bidhaa kulikuwa kumeenea, na kila mtu alijua mlango wake wa nyuma. Kilichomchoma ni kwamba yule baba alikuwa amekaa chini akafikiri vizuri. Alijua wateja hawamwamini tena yeye, ila watamwamini mtoto mwenye medali ya Bikira Maria shingoni anayejiandaa kwa Komunyo. Akachukua kile kitu ambacho Candida alikuwa amekijenga Jumamosi hadi Jumamosi, akakiweka kaunta kimfanyie biashara. Candida alilala na hasira hiyo na kuamka nayo.

Jumapili baada ya Misa akaitwa sakristia, chumba anamovalia padri. Padri Marcelino, mzee mpole aliyehudumia vigango vitatu, alikuwa bado anakunja stola, kitambaa chake cha shingoni. Leodegar alikaa kwenye kiti pekee chenye mto. Pembeni alikuwapo Onesphory, katibu wa halmashauri, na daftari lake.

"Tumsifu Yesu Kristo," Candida alisema.

"Milele amina," wakaitikia wote watatu.

"Mwalimu, hatukuja kugombana," Leodegar alianza kwa upole. "Mtoto alikosea, wewe ulikosea, yamekwisha. Jumamosi watoto wakija pamoja na wazazi wao, Severa atasimama aseme kwamba ile ilikuwa dhambi ya kubuni. Si wewe mwenyewe uliyewaambia wabuni?"

"Lakini hakubuni."

"Umejuaje?"

Candida akamgeukia Padri. Padri alikuwa akiikunja stola ileile mara ya pili.

"Na asiposema?" Padri aliuliza, bila kuinua macho.

"Asiposema hayuko tayari kupokea," Leodegar alisema. "Mtoto anayemwaibisha baba yake hajui Amri ya Nne. Mimi ni mzazi wake, nitamtoa mwenyewe kwenye orodha."

Onesphory aliandika. Kalamu yake ilisikika ikikwaruza karatasi, naye Candida akawatazama mmoja mmoja. Mtoto alazimishwe kudanganya hadharani, mbele ya wenzake, ili aruhusiwe kumpokea Bwana, na watu wazima watatu wakae sakristia wakilipangia saa jambo hilo.

"Baba Severa, uza sabuni," akasema. "Hakuna anayetaka ufungwe. Uza tu, mlango wa mbele, kwa bei iliyoandikwa. Mtoto hatakuwa na la kuungama, na wewe hutakuwa na la kuogopa."

Leodegar aliinuka. Alimsindikiza hadi nje kwa adabu zote, na walipofika penye kengele akamwinamia kidogo.

"Ile miche miwili ya Pasaka, Mwalimu," akasema. "Ilitakatisha vizuri?"

Candida alitembea hadi nyumbani bila kumsalimia mtu njiani. Alikuwa amejitahidi sana kuisahau miche ile ya sabuni. Siku mbili kabla ya Pasaka alikuwa amepita nyuma ya duka, kwa sababu Leodegar alimwambia mwalimu wa watoto hawezi kupanga foleni juani, naye akapenda kusikia hivyo. Aliyemfungulia mlango alikuwa Severa. Candida alimpa pipi na kumwambia ni mtoto mzuri. Chini ya meza yake ya jikoni, ndani ya kopo la maziwa, kilikuwa bado kimebaki kipande, akikitumia kwa kukipapasa tu ili kisiishe. Akamkasirikia Leodegar zaidi kwa kumkumbusha, kisha akajikasirikia mwenyewe.

Alhamisi, aliposhuka basi akitoka Posta, alimkuta Severa kituoni na sare yake ya shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama anajua uko hapa?"

"Anajua. Amesema nikuulize wewe, yeye hajui." Mtoto alikuwa ameshika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili. "Mwalimu, nikisema Jumamosi asubuhi kwamba nilibuni, halafu jioni tukaenda kuungama, na huo niuungame?"

Candida alimsogelea.

"Maana nikiuungama, Padri ataniambia nirudi niwaambie watu ukweli. Nikiwaambia, baba ataniambia tena niseme nilibuni. Sasa nitapokea lini?"

Kuna maswali ambayo katekisimu haina ukurasa wake. Candida alimtazama mtoto yule akipiga hesabu ya roho yake peke yake pale kituoni, watu wakimkanyaga miguu, na akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Alimshika bega.

"Nenda nyumbani," akamwambia. "Jumamosi wewe kaa benchi la mbele. Ukiitwa, subiri kwanza mimi niseme."

Jumamosi kigango kilijaa. Wazazi ambao miaka yote hawakujua hata darasa linaanza saa ngapi walikuja mapema wakapata nafasi. Leodegar alikuwa mbele, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi, mkewe Josepha kando yake ameinamisha kichwa. Padri Marcelino alikaa pembeni na Onesphory.

Candida alitundika kanga kama siku zote. Kisha akaenda kwa Padri.

"Baba, naomba leo ukae wewe kwenye kiti changu," akasema. "Ni mazoezi tu."

Padri alisita, akaenda akakaa. Candida akapita upande wa pili na kupiga magoti sakafuni, mbele ya watoto kumi na tisa na wazazi wao.

"Watoto, niliwafundisha vibaya. Niliwaambia mbuni. Leo mimi sibuni." Akafanya ishara ya msalaba. "Nimekosa. Siku mbili kabla ya Pasaka nilichukua miche miwili ya sabuni mlango wa nyuma wa duka la Leodegar. Kina mama walikuwa wamepanga mawe ya kushikia nafasi foleni mlango wa mbele, wakiambiwa hakuna. Nilipita nyuma yao nikiwa nimeificha ndani ya kapu la vitabu vya katekisimu. Severa ndiye aliyenifungulia, na nilimpa pipi. Kwa hiyo alichosema Jumamosi iliyopita si cha kubuni. Mimi ni shahidi wake, na sabuni iliyobaki ni hii."

Aliiweka sakafuni. Kilikuwa kipande chembamba, kimekatika upande mmoja, chenye alama za vidole.

Mwanamke mmoja katikati akasimama. Ni Blandina, mama wa mtoto mchanga ambaye mtaa mzima ulijua alivyobabuka mapajani kwa nepi zisizofuliwa.

"Siku hiyo nilikuwapo," akasema. "Nilikuwa wa tatu kwenye foleni." Akakaa. Ingekuwa heri angetukana.

Leodegar alikuwa ameshasimama. "Severa," akasema. "Inuka uwaambie watu."

Mtoto aliinuka. Akamtazama baba yake, kisha ile kanga.

"Mwalimu ameshasema," akajibu, akakaa chini.

Ungedhani hapo Leodegar alianguka kifudifudi akatubu. La; alitoka nje. Jioni ileile Candida alipata barua yenye mwandiko mzuri wa Onesphory, ikimshukuru kwa huduma ya miaka kumi na miwili na kumwondoa kwa kosa la kuvuruga amani ya kigango. Amani gani, Candida alijiuliza, akaichana.

Jambo moja tu Padri Marcelino alikataa. Leodegar alipompelekea orodha isiyo na jina la Severa, Padri aliliandika jina kwa mkono wake. "Nimemsikiliza huyu mtoto kwenye kitubio," akasema. "Yuko tayari. Sina hakika na sisi wengine."

Gauni jeupe lilibaki limefungiwa chumba cha nyuma. Jumapili Severa alipokea Komunyo akiwa na sare ya shule, Josepha amemfulia kwa majani ya mpapai, kola ikiwa bado na doa la kijani. Candida alitazama kutoka benchi la mwisho, mahali pa wachelewaji. Benchi la mbele alikaa Leodegar, palepale pa siku zote, na hakuna aliyemwambia asogee. Furaha na hasira vilimjia kwa pamoja, akashindwa kuimba.

Jumatatu alitoka kazini akaenda moja kwa moja Kariakoo, akaweka jiwe lake kwenye foleni, mlango wa mbele. Mbele yake kulikuwa na wanawake kumi na wawili, na hakuna aliyempisha. Nao walikuwa na haki.

Kaunta alisimama Severa. Leodegar alikuwa nyuma yake, mkono begani mwa mtoto. Baada ya yale yaliyotokea, aliuhitaji mdomo wa mtoto huyu kuliko wakati mwingine wowote. Amepokea Komunyo jana tu. Akisema hakuna, nani atabisha? Ndivyo alivyofikiri, na alikuwa amempa maelekezo tangu adhuhuri. Wanawake wa mbele walimwona Leodegar amesimama pale, wakaogopa kuuliza, wakanunua kiberiti wakaondoka.

Zamu ya Candida ikafika.

"Tumsifu Yesu Kristo, Severa."

"Milele amina, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Sabuni ipo?"

Mkono wa Leodegar ulikaza begani. Wanawake waliokuwa wakiondoka walisimama na viberiti vyao mkononi. Severa alimtazama Candida, kisha akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yake, ndefu hadi kona.

"Ipo," akasema kwa sauti ambayo hata wa mwisho aliisikia. "Iko nyingi."