Kiti cha Mpangaji

Paka wetu tunamwita Mpangaji kwa sababu anakaa kwetu, anakula kwetu, na bado kila siku ana malalamiko. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia sebuleni, na ukitaka kujua kitambaa ninachokihitaji saa hiyo ni kipi, tazama alipolala. Nikikata sketi za sare, atajinyoosha juu ya sketi. Nikipiga pasi, ataziacha nguo za rangi zote akalale kwenye nyeupe. Nikitaka maji, yuko juu ya mfuniko wa pipa, na ukimsukuma anakutazama kama vile wewe ndiye uliyeingia kwake bila hodi.

Watu wana maelezo yao. Nesi mstaafu wa nyumba ya jirani anasema paka hutafuta joto. Mteja wangu mmoja, mwalimu, anasema paka hupenda harufu ya mtu, ndiyo maana hulalia kitu ulichotoka kukishika. Mimi nilikuwa nasema ni ufedhuli tu, na sikuona haja ya kuutafutia elimu.

Ila pa kuudhi kuliko pote palikuwa chumbani kwa Mama. Tangu apate kiharusi, Mama hatoki kitandani. Upande wake mmoja umelala na mguu una kidonda kisichopona. Chumba chenyewe ni kidogo. Ukishaweka kitanda na kabati, inabaki nafasi ya kiti kimoja, nacho lazima kibanane na kitanda, la sivyo mlango haufunguki. Kitandani hapakaliki, kwa ajili ya ule mguu ambao hautaki kutikiswa. Kwa hiyo mgeni akiingia ana kiti, au ana miguu yake. Na kila Jumapili, kaka yangu anapokuja, Mpangaji anakuwa amekilalia kile kiti.

Kaka yangu namwita Mkubwa. Yeye hudhani ni heshima. Anasimamia ghala la vifaa vya ujenzi, ana gari, ana suruali zenye mstari wa pasi unaoweza kukukata, na kwa Mama huja Jumapili baada ya chakula, chakula cha kwake. Anapiga honi mara moja, anapita sebuleni kwangu bila kutazama ninachoshona, anaingia chumbani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Mkubwa hukitazama kiti, humwona Mpangaji amejikunja juu ya mto, na uso wake hupata nafuu. Naujua uso huo, nimekua nao.

"Ah, mwenye kiti amelala. Tusimwamshe jamani, mimi nasimama tu."

Basi huegemea kabati, funguo za gari kidoleni, na kuanza kuuliza kama anayekagua mzigo ulioshushwa ghalani. Dawa zipo? Zipo. Usingizi? Unakuja. Chakula anakula? Anakula. Hapo funguo zinaanza kulia, zinazungushwa kidoleni, na wote watatu tunajua maana yake. "Basi ngoja niwaache mpumzike," husema, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tumesimama.

Akishaondoka, Mama husema maneno yaleyale. "Angekaa leo. Ni huyu paka tu." Kisha huniongezea, "Kaka yako ana huruma. Hata mnyama hataki kumsumbua."

Mimi nanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na kaka yangu alikuwa amepata jua lenye mkia na masharubu. Maana nesi, akija kufunga kile kidonda, humnyanyua Mpangaji kwa ngozi ya shingo, humtua sakafuni, hukaa. "Akitaka kiti akanunue chake," husema. Kisha hupiga soga na Mama mpaka chai inapoa. Paka yuleyule, kiti kilekile.

Mto wa kiti hicho nao ulikuwa adhabu. Kila nikiufua, baada ya siku chache unanuka samaki. Nilidhani ni mdomo wa Mpangaji, nikamtukana yeye na ukoo wake.

Jumapili moja Mkubwa alipokwisha kuondoka, nilikuwa nambadilishia Mama shuka, akasema huku ameelekea ukutani, "Unajua shingo inaniuma?"

"Nikukande?"

"Si ya kukanda. Ni ya kumtazama kaka yako. Tangu niugue namwangalia juu kama ninavyoangalia taa. Sina hata kubwa la kumwambia. Nataka tu siku moja akae hapa, uso wake uwe usawa wa wangu, nione amezeeka kiasi gani."

Niliposikia hivyo nikakata shauri. Paka ni paka, nikasema, hatatutawala.

Jumapili iliyofuata niliamka na hasira za maandalizi. Nikaufua mto, nikauanika, nikautandika. Baada ya chakula cha Mama nikamkamata Mpangaji, nikamfungia stoo pamoja na vipande vya vitambaa, alale juu ya chochote anachotaka. Mama akasikia mlango wa stoo.

"Mpangaji yuko wapi?"

"Yupo."

"Mlete hapa."

"Mama, leo kaka atakaa. Kiti ki wazi."

Akaanza kutazama mlango, na mkono wake mzima ukawa unavuta na kuachia ukingo wa shuka. Nikadhani ni furaha inayomhangaisha.

Mkubwa akapiga honi, akaingia na mfuko wa machungwa. Shikamoo, marahaba, karibu ukae. Akageukia kiti kama kawaida yake, tabasamu la kumhurumia paka likiwa tayari mdomoni, akakuta mto mtupu. Sijawahi kumwona mtu akiogopa kiti. Akatazama nyuma ya mlango. Akainama, akachungulia mvunguni mwa kitanda.

"Mpangaji yuko wapi leo?"

"Ana shughuli," nikasema. "Kaa, kaka."

Kule stoo, Mpangaji akaanza kukwaruza mlango. Tulimsikia wote.

"Mfungulie, maskini. Anataka kutoka."

"Atangoja. Wewe kaa."

"Nimekaa garini tangu asubuhi, mdogo wangu. Huu mgongo, nikikaa tena ndiyo basi." Alisema hivyo huku akijishika kiuno, na ili mikono yake ipate kazi nyingine, akautua mfuko wa machungwa juu ya kiti. Akauweka vizuri, akaupapasa usianguke. Kisha akaegemea kabati.

Mama hakumtazama. Alikuwa anayatazama machungwa.

Dawa zipo? Zipo. Funguo zililia mapema kuliko siku zote. Alipotoka nilimfuata mpaka barazani, maneno yamenijaa mdomoni, na nikayameza, kwa sababu dirisha la Mama liko pale pale na yeye masikio hayana kiharusi.

Niliporudi chumbani alikuwa bado anatazama kiti.

"Toa hayo machungwa."

Nikayatoa.

"Nani alikutuma umfungie paka?"

"Mama, nilitaka akae. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema nataka. Sikusema umjaribu."

Akaingiza mkono wake mzima chini ya mto wa kichwani, akatoa kijikaratasi kilicholowa mafuta, akanipa. Ndani mlikuwa na kipande cha samaki. Ni samaki niliyemkaangia mchana ule.

"Huwa simalizi," akasema. "Namwekea yule paka. Nakisugua kwenye mto wa kiti, mkono unafika, namwita taratibu, anakuja anakula, analala. Kaka yako akifika anamkuta. Anakuwa na sababu, na mimi nakuwa nayo. Wiki nzima najiambia angekaa, ni paka tu. Sasa wewe umeniachia nini?"

Damu ilinipanda. "Mama, huyo mtoto wako—"

"Usimseme. Nikitaka asemwe nitamsema mimi niliyemzaa."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Ningempangusa, ningempikia chai, ningemtukana kaka kwa sauti nzuri ya kumfariji. Alinipa kisogo tu, kiasi ambacho upande wake mmoja unaruhusu, na mimi nikabaki nimeshika samaki wa baridi kama mtu aliyefika sokoni kwa kuchelewa. Nilimchukia kaka yangu siku hiyo kwa chuki safi isiyo na mchanganyiko. Nami nilijichukia pia, kidogo, kwa kuwa ni mimi niliyekwenda kufunua kombe ambalo mwenyewe alikuwa amelifunika vizuri.

Wiki hiyo nilihangaika kumrudisha Mpangaji kitini. Paka akishafungiwa stoo hasamehi. Alipita mlango wa Mama mkia juu, kama mtu anayepita dukani anakodaiwa. Nikaweka samaki, si kipande, mzima. Akaingia, akamla kwa adabu zote, akatoka kwenda kulala juu ya cherehani. Mama akamwita kwa kila jina, mpaka majina ya heshima. Hakugeuka. Mama naye hakunisema. Alikula chakula chote nilichompa, siku zote, kwa kuwa hakuwa tena na wa kumbakishia.

Jumapili ikafika. Nilimkuta Mpangaji amelala juu ya kola za mashati ya mteja, nikamzoa pamoja na kola zake, nikampeleka kitini, nikamkandamiza taratibu, nikimbembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mwanamume. Nje honi ikalia mara moja. Mpangaji akanikwaruza mkono kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo, akaruka dirishani, akaenda zake.

Nikasikia mlango wa gari. Mama akakitazama kiti, kisha akanitazama mimi. Hakuniomba kitu. Ningependa kusema aliniomba.

Nikakaa.

Ndipo nilipotambua kwamba mimi mwenyewe sijawahi kukikalia kiti kile. Humo chumbani huwa nainama, nageuza, nafuta, nachukua sahani, natoka. Kazi nayo ni sababu, tena hakuna anayeweza kuipinga. Mto ulinuka samaki. Nikaegemeza kichwa, nikafumba macho, nikalegeza mdomo kidogo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uka... aa, polepole. Dada yako amelala. Mchovu, siku nyingi hapati usingizi."

Kisha nikaisikia sauti ya kaka yangu, na kama ningekuwa sijawahi kumwona ningeapa ni mtu mwema.

"Ah. Basi tusimwamshe jamani. Mimi nasimama tu."

Nikasikia kabati linalia alipoliegemea. Dawa zipo? Zipo. Alinong'ona, na funguo alizifumbata asizipigie kelele. Mama akamjibu kwa kunong'ona naye, na katika kunong'ona kwake mlikuwa na kitu ambacho sikukisikia wiki nzima, kama mtu aliyerudishiwa blanketi lake. Alimwuliza kazi inaendeleaje. Akamwambia asisahau kula. Kisha Mkubwa akasema ngoja atuache tupumzike, akatoka akinyata, na gari likawaka.

Sikufumbua macho. Mkono mzima wa Mama ukaja ukatua juu ya mikwaruzo yangu. Iliwasha, nikaiacha.

"Angekaa leo," akasema. "Ni vile tu ulikuwa umelala."

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Angekaa."