Mgongo Umechoka Tu

Kaka yangu Burhani alikuja Brussels kutoka Kigoma na begi moja, koti la kuazima na figo mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwatania manesi, nao wakicheka. Mimi sikucheka sana. Huo ulikuwa mwaka wa tatu nafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, na daktari alikuwa ameshanionya kwamba mishipa ya mkono wangu inaelekea kugoma.

Vipimo vya kaka vyote vilipita. Kilibaki kikao kimoja na daktari wa watoaji figo, nami sikuruhusiwa kuingia. Nesi alinieleza utaratibu: Burhani ataulizwa peke yake, mbele ya mkalimani wa hospitali, kama anatoa kwa hiari yake. Akikataa, mimi nitaambiwa neno moja tu, "hafai", bila sababu, ili undugu usivunjike. Nikaona hawa watu wana huruma kweli. Haikunipitia akilini kwamba utaratibu huo unaweza kunihusu mimi.

Siku kumi kabla ya kikao, mgongo ukamshika. Ilikuwa Februari, na chumba changu cha mtaa wa Saint-Gilles kiko ghorofa ya nne, joto lake linakuja likijisikia. Kaka akawa anapanda ngazi ameshika kiuno, kila kidato "aah". Niseme ukweli, nilikuwa simwonei huruma yeye. Niliionea huruma figo yangu.

Vidonge vya maumivu hospitali ilikuwa imemkataza kunywa bila ruhusa. Mama mmoja tuliyekuwa tukilala naye vitanda jirani kwenye mashine akanitajia Madame Wu, mwenye duka la dawa za Kichina nyuma ya barabara ya Chaussée de Wavre, mlango uliobanwa kati ya duka la vitenge na saluni. Nikajiambia majani ni majani, hayana madhara. Nikampeleka.

Madame Wu alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, na nyuma yake ukuta mzima ulikuwa vidroo vya mbao. Alimwekea kaka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akahamia mkono wa pili. Kisha akamwambia atoe ulimi.

"Mganga wa kwetu angekwishauliza jina la mama," Burhani alininong'oneza.

Halafu Madame Wu akaniambia kwa Kifaransa cha polepole, "Figo zake ni dhaifu." Aliuona uso wangu, akainua mkono. "Usiogope. Katika tiba yetu, figo si kile kinachoonekana kwenye mashine ya hospitali. Ni jina la nguvu inayoshika kiuno, magoti na masikio. Baridi huipunguza, hofu nayo huipunguza. Ini lina hasira yake, figo ina hofu yake. Kimoja kikielemewa, vingine vinayumba. Hospitali ikimpima, itamkuta mzima." Akafungua kidroo, akasita. "Ana jambo lolote la hospitali? Kama analo, dawa hii waione wao kwanza."

"Hana," nikasema. Niliogopa akijua atakataa kumtibu.

"Amesemaje?" kaka akauliza.

Maneno nilikuwa nayo yote, na Kiswahili chake nilikuwa nacho. Lakini mama yetu alikufa kwa figo, amevimba miguu hadi mapajani, na Burhani ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Kabla hajapanda ndege alinipigia simu: "Zikiwa nzima zote mbili, mdogo wangu, moja ni yako. Moja ikiwa na walakini, nina watoto wanne." Mtu huyo umwambie "figo" na "dhaifu" kwa pumzi moja, halafu uanze kumfafanulia? Asingesikia ufafanuzi. Angesikia kaburi.

"Amesema mgongo umechoka tu," nikajibu.

"Maneno yote yale?"

"Kifaransa kina maneno mengi, kaka."

Tukarudi na pakiti ya majani na mizizi ya kuchemsha asubuhi na jioni. Madame Wu aliagiza pia aloweke miguu kwenye maji ya moto yenye tangawizi, afunge kiuno kwa shali ya sufu, ale maharage meusi na kokwa za jozi. Nilimtunza kama mzazi anayenyonyesha. Siku ya tano alipanda ngazi zote nne bila kusimama, akaja juu anacheka, akasema Madame Wu yeye anamwombea dua. Mimi nilikuwa nahesabu siku.

Asubuhi ya kikao niliificha pakiti juu ya kabati, hospitali isije ikaiona.

Mkalimani alitukuta kwenye korido. Aliitwa Émérance, mama wa Lubumbashi mwenye sauti nzito, akatusalimia vizuri. Nesi akaja na karatasi yake: je, Burhani ametumia dawa yoyote? Kabla sijafungua mdomo, Émérance alikuwa ameshatafsiri, na kaka yangu, mkweli hadi anaudhi, akaingiza mkono kwenye koti akatoa pakiti.

"Niliiona juu ya kabati nikadhani umeisahau," akaniambia. "Waijue. Ni dawa nzuri."

Émérance akavaa miwani, akasoma mwandiko wa Madame Wu wa Kifaransa. "Bon, papa, hapa banaandika: dawa ya kutia nguvu mafigo yenye kuregea." Akamtazama kwa wasiwasi. "Alors, mafigo yako iko na shida?"

Burhani aligeuka kwangu.

"Jamila?"

"Si hivyo, kaka. Figo ya Kichina si figo ya..."

Nikajisikia mwenyewe. Figo ya Kichina! Ukweli mtupu, na ulitoka kama uongo wa mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Mlango ukafunguliwa, daktari akaita jina lake. Nilitaka kuingia naye, nesi akanizuia kwa upole. Kaka akaingia bila kugeuka tena.

Nilikaa dakika arobaini. Nikaandika ujumbe mrefu kwenye simu, nikaeleza kila kitu: vidole vitatu, hofu, ini, jinsi Madame Wu alivyosema hospitali itamkuta mzima. Nikautuma. Simu ya kaka ikalia ndani ya mkoba wangu mwenyewe. Alikuwa amenipa nimshikie.

Daktari alitoka peke yake. Akakaa kwenye kiti cha jirani, akaniita kwa jina.

"Hafai," akasema. "Pole sana."

"Ni yale majani? Damu imeharibika? Tunaweza kungoja yatoke mwilini, mkampima tena!"

"Siwezi kukueleza zaidi, bibi."

Émérance alipotoka nilimkamata mkono. "Dada, kwa Mungu, alisema nini mle ndani?"

Alinihurumia, niliona. "Maman, mi niko interprète. Ile banasema mule ndani inabakia mule. Kama naanza kuchagua ya kusema na ya kuacha, donc mi si interprète tena."

Hakuwa akinisema mimi. Hakujua. Nilitamani ardhi inimeze.

Burhani akatoka anafunga vifungo vya koti. Akauchukua mkoba wangu, kama alivyofanya tangu siku ya kwanza, kwa sababu mkono wangu wa mashine hauruhusiwi kubeba kitu kizito. Tukapanda tramu. Alinipisha kiti cha dirishani, akakaa kando yangu na mkoba wangu juu ya magoti yake. Vituo vitatu vikapita.

"Kaka," nikasema. "Daktari kasemaje?"

Aliukaza mkanda wa mkoba, akaulegeza. Alikuwa akilia, wala hakujificha.

"Amesema mgongo umechoka tu."