Kamera Tatu na Nyumba Isiyouzika

Mama Funguo hakumwamini mtu. Alikuwa na saa mbili, moja ya mkononi na nyingine ya kuikagua ile ya mkononi, na watu waliomwachia nyumba zao awauzie walimpendea hilo hilo. Dalali anayemshuku kila mtu, walisema, hawezi kuingizwa mjini. Jina alilipata kwa sababu ya kitita cha funguo alichokining'iniza kiunoni. Ukimkumbatia kwa nguvu, unachomwa.

Sasa kulikuwa na nyumba moja iliyomkaa kooni. Vyumba vitatu, sebule yenye madirisha mapana, jiko lenye makabati ya ukutani, maji hayakatiki. Ilikuwa sokoni miezi mitano, na hakuna aliyewahi kuipigia simu mara mbili. Mwenyewe aliishi mbali. Juma lile alipiga simu akasema, kwa ule upole unaotisha kuliko matusi, kwamba picha zake zinaifanya nyumba ionekane stoo ya mkaa. Asipoona picha za maana kabla ya mwezi kwisha, funguo zitakwenda kwa Tabasamu, dalali wa mtaa wa pili, pamoja na funguo za nyumba zake nyingine nne. Mama Funguo alikata simu, akapiga hesabu. Bila nyumba hizo tano angebaki anauza maneno.

Picha alikuwa akipigiwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee, kwa simu. Mpole, mrefu kama mlingoti, aliwahi kufanya kazi studio mpaka ilipofungwa, na mambo ya mwanga na lenzi aliyajua. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba sasa itanunuliwa kamera ya kweli, ya dijitali, ungetegemea angeruka kwa furaha. Hakuruka. Alisema, "Sawa, shemeji," kama mtu aliyeambiwa ana jino la kung'olewa.

Muuza kamera alikuwa mtu wa kufahamiana. Aliwatengea tatu zilizotumika, akakubali wazijaribu kwa zamu, moja kila siku, mradi kitambulisho kibaki dukani. Shemeji mtu akawa anachukua kamera asubuhi, anachukua na funguo, anakwenda kwenye ile nyumba isiyouzika, na mchana anarudi ameinamisha kichwa. Ya kwanza, alisema, ni nzito na imechoka, picha amezifuta kwa aibu. Ya pili ina lenzi pana mno: inapinda kuta, inakifanya chumba cha kitanda kimoja kionekane ukumbi wa harusi, na mteja akifika atajiona katapeliwa. "Na sisi si matapeli, shemeji." Ya tatu inaunguza madirisha yote yawe meupe, ndani pabaki giza, betri nayo haimalizi saa moja. Akashauri waendelee tu na simu. Ataifuta kioo vizuri zaidi.

Sababu zote zilikuwa nzuri, na hapo ndipo Mama Funguo alipoogopa. Mwenye sababu moja anaweza kuwa mkweli. Mwenye sababu nyingi kiasi kile amezitafuta. Machale yakamcheza. Nani anafaidika nyumba isipouzika hadi mwisho wa mwezi? Tabasamu. Basi kuna namna. Shemeji kanunuliwa.

Alianza kumpekua mdogo wake, aliyekuja kumtembelea kila Jumapili. Mumeo anashinda wapi siku hizi? Anazungumza na nani? Mdogo mtu alicheka, akasema mume wake ni yule yule, akageuzia mazungumzo kwenye nywele, na kabla jua halijazama akaaga. Kwake hakumkaribisha dada yake tena. Palikuwa panapakwa rangi, alisema. Rangi ya miezi minne! Mwanamke aliyeshuku mizani ya kila muuza nyanya aliimeza rangi hiyo bila maji. Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa, lakini nguo ya ndugu nani huikung'uta?

Siku ya nne hakumwambia mtu. Alikwenda dukani mwenyewe, akaiomba tena ile kamera ya pili, na muuzaji akamfundisha. Stendi ya miguu mitatu aiweke mlangoni, kamera iwe usawa wa kifua, isiinamishwe hata kidogo, kuta zisije zikaonekana zinaanguka. Kila chumba akipige mara tatu kwa mwanga tofauti, ili dirisha lisiungue na pembe zisizame gizani. Alifanya hivyo chumba baada ya chumba, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Ofisini alizifungua picha kwenye kompyuta, na hasira ikampanda. Zilikuwa nzuri. Chumba hakikuwa ukumbi wa harusi, kilikuwa chumba, na pembe zake zote zilionekana. Akaanza kuzikuza, kipande kwa kipande, kuzitafuta hizo kuta zilizopinda. Kuta zilisimama wima. Lakini katika sinki la bafuni aliona matone ya maji, manne, yanang'aa. Bomba hilo hakuna mtu aliyepaswa kulifungua kwa miezi mitano. Na katika picha ya chumba cha nyuma, ukingoni kabisa kushoto, upande ambao picha za simu hazikuwahi kuufikia, mlango wa kabati ulikuwa umebana ncha ya kitambaa. Asubuhi alisimama pale pale asikione, macho yote yakiwa kwenye kitufe.

Alirudi mbio. Ndani ya kabati alikuta godoro lililokunjwa, jiko dogo, sahani mbili, vikombe viwili, miswaki miwili katika glasi moja. Viwili viwili kila kitu. Kumbe si Tabasamu, ni mwanamke! Shemeji analeta mwanamke ndani ya nyumba ya watu, kwa funguo zake yeye, ndiyo maana hataki iuzwe. Kile kitambaa kilichobanwa kilikuwa shuka; akalivuta alione vizuri. Lilikuwa na maua ya njano, na alilinunua yeye mwenyewe, zawadi ya harusi ya mdogo wake. Hata hapo akili yake haikugeuka. Alichowaza ni kwamba mwanamume huyu hana haya, anamlaza hawara kwenye shuka la mkewe.

Akaketi chini sebuleni kusubiri, akiyapanga matusi kuanzia dogo kwenda kubwa. Roho ilimuuma kwa ajili ya mdogo wake.

Saa kumi na moja na nusu kitasa kilizunguka. Aliyeingia kwanza ni mdogo wake, na mfuko wa mboga mkononi na ufunguo wake mwenyewe kidoleni. Nyuma yake mumewe, amebeba mkate. Matusi yote yakamkauka Mama Funguo mdomoni.

Shemeji mtu ndiye aliyesema kwanza. "Ile ya pili ndiyo nzuri, shemeji. Nilijua tangu siku ile. Ningekuletea picha zake, nyumba hii ingeuzwa ndani ya wiki."

Mengine aliyaeleza kwa sauti ya chini, akiutazama mkate. Mwenye nyumba wao alivitaka vyumba vyake ampe binti yake, akawapa majuma mawili wahame. Waliona wajishikize hapa siku chache mpaka wapate pengine. Siku chache zikawa miezi minne. Kila asubuhi walipanguza, wakakunja, wakafungia kabatini, isipokuwa leo walichelewa kuamka.

Mama Funguo alimgeukia mdogo wake. "Kwangu kuna chumba hakilali mtu. Mbona hukuniambia?"

"Mara ya mwisho nilipolala kwako, dada, asubuhi ulihesabu vijiko."

"Sikuhesabu."

"Nilikuwa nimeamka. Ulihesabu mara mbili."

Ni kweli, alihesabu. Vilikuwa kumi na viwili, vyote vipo, na sasa kutimia kwa vijiko ndiko kulikomchoma. Alitaka kusema kwamba angemhesabia mtu yeyote, kwamba hivyo ndivyo alivyo, lakini aliona kwamba huo si utetezi, huo ndio ushahidi wenyewe.

Kisha aliwaambia kwamba picha zitakwenda kwa mwenyewe kesho asubuhi, hana njia nyingine, nyumba si yake. Ila wao leo watalala kwake, na watakaa mpaka wapate pao.

"Kwa masharti gani?" mdogo mtu akauliza.

Masharti alikuwa nayo matatu, yamekwisha kujipanga kwenye ncha ya ulimi. Akayameza moja moja.

"Hakuna."

Mdogo wake alimtazama usoni, akashuka mpaka kwenye mikono, akarudi usoni. Hivyo hivyo ndivyo Mama Funguo alivyowatazama wateja wake miaka yote, na hakuwahi kujua kunaumaje kutazamwa hivyo.

"Iandike," mdogo mtu akasema.

Alidhani ni mzaha, akasubiri kicheko. Hakikuja. Shemeji mtu aliuhamisha mkate kwapa hadi kwapa. Basi Mama Funguo akafungua mkoba, akatoa daftari la mikataba, akaandika juu ya goti lake kwamba mdogo wake na mumewe watakaa kwake bila sharti lolote na bila kikomo. Akaweka tarehe. Akatia sahihi.

Mdogo wake aliichukua karatasi akaenda nayo dirishani, kulikobaki mwanga. Aliisoma polepole. Akaisoma tena. Kisha akaigeuza, aone kama nyuma yake hakuna kitu kingine kilichoandikwa.