Bei ya Jicho

Asiyekujua hakuthamini, walisema wahenga. Labda wahenga hawakuwa na dada. Msusi alikuja kugundua kwamba anayekujua sana ndiye asiyekuthamini, maana yeye anajua pa kukushika.

Na Dada alijua yote. Alijua kwamba mdogo wake akivua miwani hatofautishi mbuzi na stuli. Utotoni ndiye aliyemsomea vibao vya barabarani na kumvusha njia, na mtoto yeyote aliyemwita mdogo wake "Chupa" kwa unene wa vioo vyake alirudi kwao analia. Alijua pia kwamba Msusi amechoka na vichwa vya watu, anataka kazi ya zimamoto. Mbio alikuwa ameshinda. Kamba alikuwa ameipanda, na mpira wa maji aliukokota akawaacha wanaume wakihema kama mbwa. Kilichobaki ni kupimwa macho, kila jicho peke yake, bila miwani.

"Njoo kazini kwetu," Dada alimwambia. Alikuwa mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya macho, ile yenye viti vyeupe na harufu ya dawa iliyochanganyika na marashi. "Unalala, wanakupitishia mwanga wa leza, unaamka unaona mpaka dhambi za watu."

Akataja bei. Msusi akaanza kuhesabu vyombo vya saluni kichwani.

"Ndiyo hiyo tu, hakuna nyongeza?"

"Si mimi nakwambia?"

Kwao, jambo lililopitia kwa ndugu halikuulizwa mara mbili. Marehemu baba yao aliwalea hivyo: ukihesabu chenji uliyopewa na nduguyo, umemtukana. Basi Msusi akafunga mdomo. Akauza mashine za kukaushia nywele, akauza viti, akauza na kile kioo kikubwa cha ukutani. Saluni ikabaki kuta na misumari. Fedha yote akamkabidhi Dada mkononi.

Siku ya upasuaji, muuguzi alimtia matone huku akimuuliza, "Leo tunaanza na lipi, la kulia au la kushoto?"

Msusi akacheka. "Yote, mama. Au moja mnalifuga?"

Muuguzi hakucheka. "Ulilolipia ni jicho moja. Bei yetu ni ya jicho. Hukuambiwa?"

"Na nikitaka fedha yangu?"

"Ikishaingia hairudi."

Akatoka hivyo hivyo na matone yakimchuruzika, miwani mkononi. Uso wa Dada pale mapokezi ulikuwa ukungu mtupu wenye midomo myekundu.

"Ulijua?"

"Punguza sauti, wateja wanasikia."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Ningekutajia ya yote mawili ungekuja?" Dada alinong'ona. "Mtu akishafanya moja, la pili atalihangaikia tu. Wote ndivyo wanavyofanya."

"Kwani mimi ni wote?"

"Kila mteja ninayemleta napata changu kidogo. Usinitazame hivyo, hapa kila mtu anapata."

Hapo Msusi akaelewa. Kwa hiyo naye alikuwa ameletwa, kama mzigo. Akavaa miwani, akageukia viti vyeupe.

"Jamani! Bei mliyotajiwa na huyu ni ya jicho moja. Ulizeni kabla hamjauza vyombo!"

Mzee mmoja akasimama. "Moja? Mimi nimeuza pikipiki!"

"Kwa hiyo tutatoka hapa tunakonyeza?" mwanamke wa nyuma akadakia, na kicheko kikageuka zogo. Kabla ya adhuhuri viti vilikuwa vitupu, na Dada ameambiwa aende nyumbani asirudi.

Zimamoto hawakumsubiri mtu. Nafasi ya Msusi ilikwenda kwa mwenye macho yake.

Jumapili Mama akawaita wote wawili sebuleni. Dada alikuwa ameshalia mpaka pua imevimba.

"Ungeniita pembeni," alisema, "tungeyamaliza."

"Pembeni ndipo uliponiuza."

"Basi!" Mama alipiga paja. "Kosa la dada yako nimelisikia. Lakini umemwaibisha mbele ya watu, na kazi imekwenda. Wewe ndiye mdogo, mwanangu. Mdogo ndiye anayeshuka. Mwombe radhi, yaishe."

Dada akanyoosha mkono, akangoja. Ni mkono uleule uliokuwa ukimvusha njia, na Msusi aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

"Mama," alisema, "shikamoo yako utaipata kila asubuhi. Na huyu akiugua, nitakwenda kumwogesha. Ila radhi simwombi. Leo simwombi, kesho simwombi."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Hata kwa ajili yako, Mama. Simwombi."