Magunia Tisa Nyuma ya Ukuta

Mahindi yalikuwa yanaliwa, na fundi seremala aliyasikia yakiliwa. Aliweka sikio kwenye gunia la kwanza kama daktari anavyosikiliza kifua, akasikia mchakacho mdogo usiokatika, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Gunia la pili, hivyo hivyo. Alipofika la tisa jasho lilikuwa linamtiririka. Fukusi walikuwa humo ndani, maelfu kwa maelfu, wanakula chakula chake cha mwaka mzima bila hata kunawa mikono.

Mtaani walimwita Mzee Ghala, ingawa hakuwa mzee. Kanisani walitaniana kwamba parapanda ikilia, yeye atamwomba malaika amsubiri kidogo afunge stoo. Hakucheka. Aliwahi kukaa mwaka mmoja bila kazi, mkewe akichemsha majani ya porini, na mtoto wao wa kwanza akafa kwa homa ambayo mtoto aliyeshiba angeipona. Hakuna aliyewaambia kwamba ni njaa. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Tangu hapo, kila alipouza meza au kitanda, alirudi nyumbani na gunia.

Mkewe alipita msiba ule ule akatoka na kitu kingine. Kila asubuhi alipiga magoti jikoni, akamwomba Mungu chakula cha siku ile, basi, akainuka. Jirani akibisha hodi hana kitu, alimchotea unga bila kumuuliza mtu. Kilichomuudhi fundi si ile sala. Kilimuudhi jinsi mkewe alivyoinuka mwepesi, kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

"Umeomba ya leo," alimwambia siku moja. "Ya kesho utaomba kwa nani?"

"Kwa yule yule. Kwani anahama, baba watoto?"

Watoto wenyewe alikuwa amebaki mmoja, binti wa miaka sita.

Baada ya kuwasikia fukusi, fundi alikwenda kwa muuza dawa za nafaka. Muuzaji alimweleza taratibu: kidonge kimoja kwa gunia, kwenye stoo ya peke yake, na mtu asilale karibu. Fundi aliitikia ndiyo, ndiyo, huku ameshageuka kuondoka. Stoo anayo. Aliijenga kwa mikono yake, kwa kukigawa chumba cha mtoto kwa ukuta wa mbao, na mbao zake zilikaa pamoja kiasi kwamba wembe usingepita katikati.

Aliweka vidonge vitatu kila gunia, ili kazi isirudiwe. Akafunga mlango, akaziba nyufa za chini kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Juu, ukuta uliishia shubiri mbili chini ya bati, maana nyumba haikuwa na dari. Aliitazama nafasi ile, akaiacha. Kwa miaka ishirini alichokijua kupeperuka katika chumba ni vumbi la msumeno, na vumbi la msumeno hushuka chini. Hakufikiri kwamba kidonge kile hugeuka hewa, na hewa haina adabu ya vumbi. Hakumwambia mkewe. Alijua angemkatalia.

Siku ya pili mijusi wawili walianguka kutoka kwenye boriti, wamekufa. Fundi aliwafagia huku moyo wake ukitulia: dawa inafanya kazi. Jioni ile chumba cha mtoto kilinuka kama samaki waliochacha pamoja na kitunguu saumu. Mkewe aliuliza ni nini. Akajibu kwamba panya amefia mahali. Siku ya tatu binti alilalamika kichwa, akausukuma uji wake pembeni. Fundi akasema ni mafua.

Asubuhi ya nne binti hakuamka. Mama yake alimkuta amejitapikia, midomo imepauka, anavuta pumzi fupi fupi kama aliyetoka kukimbia. Akamwita jirani yao muuguzi kupitia ua. Muuguzi alikuja na kanga kichwani, akavuka kizingiti hatua moja, akasimama. Akanusa.

"Shemeji, humu ndani mmeweka nini?"

Fundi alilijua jibu, na hakulitoa. Akilini aliyaona magunia tisa yakiburutwa uani, mvua ikiyanyeshea, stoo ikabaki sakafu tupu. Aliona majani yakichemka sufuriani. Yote hayo aliyaona huku mwanawe anakoroma miguuni pake. Mkewe akageuka, akamtazama.

"Vidonge vya mahindi," fundi alisema. "Vitatu kila gunia."

"Mtoeni nje," muuguzi akasema. "Nyote tokeni. Hiyo stoo isiguswe."

Njia nzima hadi hospitali mkewe alimpakata mtoto, akizihesabu pumzi zake.

Daktari alikuwa kijana, mchovu, hana maneno ya kupamba. Alisema sumu ile haina dawa ya kuiondoa mwilini. Watampa hewa, watamwekea maji, watauchunga moyo. Fundi akauliza kama hadi kesho mtoto atakuwa mzima.

"Kesho siijui, mzee. Moyo unaweza kutulia, unaweza kuchoka ghafla. Sasa hivi unapiga. Baada ya saa moja nitakuja kuangalia tena."

Mtu aliyetaka mwaka mzima nyuma ya ukuta akapewa saa moja. Ilipokwisha daktari alikuja, akasikiliza kifua, akasema bado anapambana, akaondoka. Ikaanza nyingine.

"Nilinyamaza kwanza," fundi alisema. "Aliponiuliza, nilinyamaza."

"Nilikuona."

"Nilikuwa nafikiria mahindi."

"Najua ulichokuwa unafikiria." Mkewe alikuwa ameushika mguu wa mtoto chini ya shuka. "Usiniombe msamaha saa hizi, sina pa kuutoa. Omba pamoja nami."

Alijaribu. Kila alipofungua kinywa alijikuta anamwomba Mungu binti amalize shule, aolewe, amzike baba yake. Alitaka apewe yote kwa mkupuo, afungie mlango. Mkewe alimsikia, akamkatiza kwa upole, akamwambia aombe hii saa tu. Akaomba saa moja. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuomba mlima uhame, kwa sababu aliyeomba saa moja anabaki mikono mitupu, na itabidi arudi.

Viatu vya daktari vikasikika kwenye korido, haraka, na saa ilikuwa haijafika hata nusu. Fundi alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Daktari aliwapita. Aliingia nyuma ya pazia la kitanda cha jirani, na baada ya kitambo kidogo mama mmoja huko akaanza kulia, sauti ya chini, kama mtu anayejisemesha.

Fundi hakuthubutu kushukuru. Kifua cha binti kilipanda, kikakaa, kikashuka. Aliinamisha kichwa akaomba kipande cha saa kilichobaki.