Kidonda Kisichokuwa Tumboni

Mfuniko wa birika ulikuwa ukigongagonga jikoni kabla ya adhana ya alfajiri. Reem, mjukuu wangu, alikuwa ananichemshia maji ya kunawa. Tangu nitoke hospitali huamka kabla yangu, huniwekea beseni bafuni, kisha hugeukia ukutani mpaka nimalize. Hajaniuliza hata mara moja kwa nini nanawa huku nalia.

Asubuhi hiyo aliniambia Wafa anataka kuja na Auleria kunijulia hali. Nikamwambia awajibu kwamba nimelala.

"Bibi," akasema, "wiki iliyopita pia ulikuwa umelala."

Wafa, Auleria na mie tunapika kwenye shughuli za watu, harusi, maulidi, hitima, kuanzia hapa kwetu Mwananyamala mpaka Kiwalani. Wafa ndiye anayepokea kazi, Auleria anaosha na kukatakata, mie nasimamia masufuria ya pilau. Nilikuwa nimewaambia kwamba nimetolewa uvimbe tumboni. Haikuwa kweli. Kizazi changu kilikuwa kimeshuka. Kwa miaka nilitembea nacho kikining'inia katikati ya mapaja, na mkojo ulinitoka kila nilipocheka au kuinua kitu kizito. Nilijifunga vitambaa, nikavifua kwa siri na kuvianika chini ya khanga ili hata Reem asivione. Daktari alikitoa kwa njia ileile kiliyoshukia, tumbo hakuligusa. Kisha akanikataza kuinua kitu kizito maisha yangu yote.

Hayo ningewaambiaje wenzangu? Nani atakula pilau akijua kwamba mpishi wake alikuwa akivuja mkojo?

Walifika hata hivyo, baada ya adhuhuri. Wafa alianza utani kabla hajavua viatu.

"Shikamoo Bi Khairiya. Mbona umejifungia ndani kama mwali?"

Akasimulia jinsi pilau la Kiwalani lilivyoshika chini, mpaka ndugu wa bwana harusi wakauliza kama limepikwa kwa mkaa au ndani ya mkaa. Nilicheka kidogo, kwa tahadhari. Auleria, mtu wa Bukoba asiye na maneno mengi, alikuwa amebeba chupa ya uji na kikapu chenye taulo mbili mpya. Alikuja kunikanda. Alisema kwao na kwetu ni mamoja, mwanamke aliyepasuliwa tumbo asipokandwa kwa maji ya moto damu humgandia ndani. Nikamwambia nesi amekataza. Wafa akasema manesi wa siku hizi ni watoto, wamezaliwa juzi, na ameshamwagiza Reem alete maji. Nilipotafuta sababu nyingine sikuipata, na tayari nilikuwa nimelazwa kitandani.

"Kidonda kiko wapi, nisikiguse?" aliuliza Auleria.

Nikaonyesha chini ya kitovu. Akaifunua khanga kwa ncha za vidole, polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Hapakuwa na kidonda wala bandeji. Tumbo langu lilikuwa pale na mikunjo yake ya uzee, zima kabisa.

Alinitazama usoni. Kisha akairudisha khanga, akaninyooshea vizuri, akamwambia Wafa, aliyekuwa amekaa mlangoni na simu yake, kwamba maji yamepoa, akaongeze ya moto. Maji yalikuwa bado yanatoa mvuke.

Nilimweleza nikiwa nimegeukia ukuta. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye habari ya vitambaa alikaa kitandani, karibu na miguu yangu.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unasogeza kigoda chako nikija kukaa," alisema. "Nilidhani ni mimi. Nilidhani hutaki kukaa na mtu wa bara."

"Nilikuwa naogopa utasikia harufu."

"Sikuwahi kusikia kitu, Bi Khairiya. Nikirudi nyumbani nilikuwa najinusa mwenyewe."

Mpaka hapo aibu niliyoijua ilikuwa ya mwili wangu. Hii ilikuwa nyingine, na sikujua niiweke wapi. Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akanishika kisigino, akakisugua taratibu, akasema Wafa hana haja ya kujua. Atamwambia kidonda hakijakauka, na masufuria yangu atayainua yeye. Nikalitazama goti lake la kushoto, lile analolifunga kitambaa kila tukimaliza kazi.

Wafa aliporudi na maji, nikamwambia akae. Nikamweleza yote tena, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Wafa akauliza, "Hata tukiwa jikoni?"

"Hata jikoni. Lakini nilikuwa nabadilisha, nanawa. Hakuna siku nilishika chakula sijanawa."

Nilijisikia kama mtoto anayejitetea mbele ya mwalimu wake. Wafa aliangalia beseni. Mwishowe akasema kwamba Jumamosi kuna harusi Mabibo, atatafuta mtu wa kuinua masufuria. Hakusema kama mwiko bado ni wangu, nami sikuuliza. Akaubusu mkono wangu kama siku zote, akatoka kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita.

Auleria akanimiminia uji bakulini. Nikanywa nusu, nikashindwa. Akalichukua bakuli, akaumaliza uji kwa kijiko kilekile nilichokitumia, huku akilalamika kwamba Reem amezidisha sukari, ilhali uji alikuwa ameupika yeye mwenyewe kwake. Halafu akamwaga maji ya kukanda nje, akazikunja taulo na kuziacha kando ya mto. Alisema zitanifaa bafuni.

Wafa akamwita kutoka uani, waondoke. Auleria akainuka, mkono kwenye goti, akaanza kutafuta viatu vyake. Nikamshika upindo wa khanga.

"Jumapili ukitoka kanisani upite tena," nikamwambia. "Hata kama Wafa haji."